Mfuko Ndani ya Pindo

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Fundi amekaa kwenye cherehani yake, wembe mkono mmoja, kidonge mkono wa pili. Kama wiki iliyopita gazeti lako lilichukuliwa na jirani kabla hujalisoma, usijali, nitakukumbusha. Lakini haraka, maana Fundi mwenyewe hana muda.

Sketi iliyokuwa mapajani mwake ilikuwa ya binti wa Kinyozi, msichana wa miaka kumi na sita aliyeanguka darasani jana mchana na mpaka asubuhi hii hajafumbua macho. Matroni wa shule alikuwa anakunja nguo za mgonjwa alipohisi kitu kigumu kwenye pindo. Akaileta sketi kwa Fundi, ambaye ndiye anayeshona sare za shule nzima, aifumue bila kuiharibu. Mara simu ikalia, Matroni akatoka nje kuipokea. Fundi akafumua. Ndani ya pindo kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko kidonge cheupe, umbo la yai, na mstari katikati.

Mlioniandikia wiki hii mmesema Fundi alishtushwa na kidonge. Mmekosea, nisameheni. Kilichomshtua kwanza ni mfuko. Aliushona yeye mwenyewe.

Alishona mifuko thelathini na moja kama huo. Wazo lilikuwa la Rula, mtoto wake wa pekee, aliyepewa jina hilo tangu akiwa na miaka minne kwa sababu alizunguka na rula ya mama yake akipima kila mtu, hadi wateja. Mwezi wa tatu Rula alikuja kumwambia mama yake kwamba wasichana darasani wanaona haya kutoa pedi kwenye begi mbele ya wavulana. Je, mama hawezi kuwawekea kamfuko ndani ya pindo, kasikoonekana?

Fundi aliona fahari mpaka machozi yakamtoka. Akashona wiki mbili, bila malipo, kila alipomaliza kazi za watu. Kwenye mkutano wa wazazi Matroni alimsimamisha, akapigiwa makofi.

Kidonge nacho alikijua. Kilikuwa cha nyumbani kwake.

Hatua za Matroni zikarudi mlangoni. Fundi hakufikiri, na mimi simtetei. Alikiachia kidonge kwenye kopo la vifungo, katikati ya vifungo vyeupe vya mashati, na vidole vyake vikatoka na kifungo.

"Umeona nini?" Matroni aliuliza.

"Kifungo tu," Fundi akasema, akamwonyesha kwenye kiganja.

Matroni alikitazama kile kifungo, mabega yakamshuka. Alikuwa na matumaini, alisema. Daktari amewaambia wazi kwamba mtoto amemeza dawa, ila haijulikani ni dawa gani, na wenzake darasani wote wamefunga midomo. Wakijua ni dawa gani, watajua cha kumpa. Wasipojua, wanabahatisha tu, na mtoto anazidi kuzama. Saa tatu maaskari wanakuja shuleni kupekua kila mwanafunzi, kwa hiyo yeye anawahi huko.

"Ukikumbuka lolote nipigie," alisema. "Hata kitu kidogo. Simu yangu sitaiweka chini leo."

Akaondoka. Fundi alibaki anatazama kopo la vifungo. Hebu tulia hapo kidogo nawe ulitazame. Mtoto wa mwenzake anakufa, jina la dawa analo, na amelificha kwenye vifungo. Akilisema, binti wa Kinyozi anaweza kupona na Rula akaishia mikononi mwa askari. Asiposema, Rula anabaki wake. Wewe uliyekaa kwenye kiti chako na chai pembeni unajua la kufanya. Hongera.

Fundi alijiambia ataenda kwanza nyumbani ahakikishe. Vidonge vyeupe viko vingi duniani. Akakichambua kile kidonge kutoka kwenye vifungo, akakifunga kwenye kipande cha kitambaa, akafunga duka, akatembea kwa mguu akipita njia ya nyuma ya soko la mitumba, haraka kiasi kwamba muuza mkaa alimuuliza kuna nini.

Njiani alikuwa anajibishana na nafsi yake, na hoja zote zilikuwa upande wake. Rula si mtoto wa namna hiyo. Yeye na mume wake walihudhuria semina ya wazazi, wakakaa mstari wa mbele, wakapewa karatasi ya dalili za kuangalia, na karatasi hiyo hadi leo imebandikwa ukutani juu ya cherehani. Mtoto anayebadilika ghafla, iliandikwa. Wakaangalia kweli. Wakatafuta kiburi, wakatafuta marafiki wa ajabu, wakatafuta uongo na milango iliyofungwa kwa ufunguo.

Rula alibadilika, ndiyo. Alibadilika akawa mwema. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa mpole, hajibu watu, halalamiki, analala mapema bila kuambiwa. Bibi yake, mama mzazi wa baba yake, alipoletwa kwao na saratani iliyoingia mifupani, ni Rula aliyejitolea kumpa dawa kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Hakuna aliyemwomba. Baba yake aliwasimulia walinzi wenzake mpaka wakamchoka.

Karatasi ya semina haikusema lolote kuhusu mtoto anayekuwa mwema.

Kulikuwa na mengine, na haya Fundi aliyakumbuka alipokuwa anavuka mtaro, moja baada ya jingine, bila kutaka. Rula alikuwa anajikuna shingo na mikono. Fundi akabadilisha sabuni ya kufulia. Rula alikuwa anasinzia juu ya daftari. Fundi akasema mtihani unamchosha mwanangu. Mara mbili katika miezi mitatu alimpunguzia sketi kiunoni, sentimita nne, kisha tatu tena, akaandika vipimo kwenye daftari lake la wateja kwa kalamu ya bluu, akapiga mstari chini. Mwanamke anayejua kwa jicho kwamba mteja ameongezeka nusu inchi alipima mwili wa mtoto wake ukiisha, akaandika, akafunga daftari.

Nyumbani kulikuwa kimya. Bibi alilala chumba cha nyuma, kile kilichokuwa stoo ya vitambaa, ambako walimhamishia mwezi uliopita kwa sababu maumivu yake yalizidi na Mlinzi, mume wa Fundi, alikuwa hapati usingizi. Walisikitika, lakini walimhamisha. Daktari aliwaambia ugonjwa umesonga mbele. Akaongeza dawa. Bibi akaendelea kuugulia vilevile.

Kopo la dawa lilikuwa juu ya kistuli, karibu na kichwa cha kitanda. Lilikuwa jipya, lilichukuliwa juzi. Fundi alilimwaga kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akahesabu. Akahesabu tena. Idadi ilikuwa kamili, hakikupungua hata kimoja.

Akakaa chini sakafuni, akamshukuru Mungu kwa sauti, akatoa simu ili ampigie Matroni amwambie hana kitu alichokumbuka. Mnaona wenyewe. Hakuwaza kabisa kwamba dawa ni ileile hata kama haikutoka kwake. Furaha nayo ina upofu wake.

Kilichomzuia ni mikono. Mikono ya mtu aliyeshika vifungo miaka ishirini na mbili haidanganyiki kirahisi. Alikuwa anavirudisha vidonge kwenye kopo, na vidole vikawa vinakataa. Alifungua kitambaa, akachukua kile kidonge cha kwenye pindo, akakiweka sambamba na kimoja cha kwenye kopo. Vyote vyeupe. Vyote umbo la yai. Kimoja kina mstari katikati. Kingine hakina.

Akageuza kopo lote. Hapakuwa na hata kimoja chenye mstari.

"Hizo ni za tumbo," sauti ilisema kitandani.

Bibi alikuwa macho. Uso ulikuwa umebaki mifupa, lakini macho yalikuwa yaleyale yaliyomtisha Fundi siku ya kwanza alipoletwa kutambulishwa kama mchumba.

"Mama, unajua?"

"Dawa ya kutuliza maumivu naijua, mwanangu. Ikiingia, nusu saa baadaye mfupa unanyamaza. Hizi hazinyamazishi kitu. Ni mwezi na zaidi sasa."

Fundi alimuuliza kwa nini hakusema. Alimuuliza kwa upole mara ya kwanza, na mara ya pili hakukuwa na upole. Mwezi mzima mtu anaungua, anasikia mwanawe na mkwe wake wakijadiliana mlangoni wapi pa kumhamishia, na neno moja tu lingetosha.

Bibi alikuwa anavuta pumzi kwa vipande.

"Alikuwa anakuja kila asubuhi," alisema. "Anakaa hapo ulipokaa. Ananishika mkono mpaka nimeze. Ananisimulia mambo ya shule. Wewe una cherehani, mwanangu ana geti. Mimi nilikuwa naye yule tu. Ningesema, mngemwondoa."

Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo zaidi, kwamba wiki ya kwanza alidhani mtoto ataacha mwenyewe. Wiki ya pili alimwambia, Rula, hizi si zangu. Mtoto akalia, akaapa kesho atarudisha za kweli. Kesho akamletea maua aliyochuma njiani.

Fundi alitaka kumchukia. Nasema ukweli. Alitafuta chuki kila mahali ndani yake na akaipata, lakini kila alipoielekeza kwa yule mgonjwa ilimrudia yeye. Saa moja tu iliyopita na yeye alibadilisha kidonge kwa kifungo mbele ya mtu anayemwamini. Mama na binti, kazi moja.

Akapiga simu. Hakumpigia Matroni kwanza. Alimpigia mume wake.

Mlinzi alipokea akiwa getini. Kazi yake, kwa wale wageni wa hadithi hii, ni kufungua mabegi ya wanafunzi wa shule ileile kila asubuhi, mmoja mmoja, mpaka kwenye kikasha cha kalamu. Wanafunzi wanamwita Eksirei. Mtu mmoja tu ndiye anayepita bila kufunguliwa begi. Anaguswa bega, anaambiwa soma kwa bidii, anaingia.

Fundi alimweleza yote kwa pumzi moja. Akamwambia amtafute Rula sasa hivi, ampeleke pembeni, ampekue pindo la kushoto.

"Unaumwa?" Mlinzi alisema. "Hapa maaskari wamejaa. Unataka nimpekue mwanangu mbele yao?"

"Kabla yao. Nataka umpekue kabla yao."

"Rula? Rula anayemlisha mama yangu?"

Fundi alimwambia kuhusu kopo. Upande wa pili akasikia pumzi ya mtu aliyepigwa tumboni, halafu mtu mwingine akimwita Mlinzi kwa cheo chake, aje haraka, wanafunzi wamepangwa mstari uwanjani na wasichana wanamsubiri Matroni. Simu ikakatika.

Ikabaki ile nyingine. Fundi aliishika simu na kulitazama jina la Matroni kwenye kioo. Bibi alimtazama yeye. Ukutani saa ilionyesha saa nne kasorobo, jua limejaa dirishani, mtaani mtu anauza nyanya kwa kipaza sauti. Alifikiria binti wa Kinyozi, aliyempima sare mwaka jana, aliyecheka kwa sababu futi ilimtekenya. Alifikiria Rula akiwa na miaka minne na rula yake.

Akabonyeza.

Matroni alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Fundi alilichukua kopo, akasoma jina la dawa lililoandikwa, herufi kwa herufi, kisha akalirudia. Akasema kilichokuwa kwenye pindo hakikuwa kifungo. Akasema kilitoka nyumbani kwake, aliyekitoa ni Rula, na bado anavyo vingine kwenye pindo. Alisema yote bila kulia, na alipomaliza alihisi kitu kimemtoka kifuani, akadhani ni nafuu.



"Mama Rula," Matroni alisema, "hospitali wamenipigia dakika kumi zilizopita. Mtoto amefariki."

Dakika kumi zilizopita Fundi alikuwa sakafuni anamshukuru Mungu.

Matroni hakukata. Simu ilibaki wazi mkononi mwake uwanjani, na Fundi akawa anasikia mambo ya mbali: viatu kwenye kokoto, zipu za mabegi, sauti ya askari wa kike akisema mwingine, mwingine. Kisha akasikia sauti ya mume wake, imekauka, inaomba ruhusa. Huyu anayefuata ni mwanangu, afande. Niruhusuni nimpekue mwenyewe.

Ukasikika mkono unaopapasa kitambaa.

"Hana kitu," Mlinzi alisema. "Apite."

Fundi alifumba macho. Alimjua mume wake, alijua anavyompenda yule mtoto, na hakuwa na shaka hata kidogo kwamba mkono wake wa kulia sasa umekunjwa ngumi mfukoni.

"Umemsikia mume wako?" Matroni aliuliza taratibu. "Wewe unasema anacho. Yeye anasema hana. Nimwamini nani?"

Bibi alinyoosha mkono kutoka kitandani, vidole vikashika pindo la gauni la Fundi. Alikuwa anatikisa kichwa. Hapana, macho yalisema. Hapana, mwanangu, mwache.

"Mpekueni tena," Fundi alisema. "Pindo la kushoto, vidole vitatu juu ya ukingo. Kuna uzi mweupe uliolegezwa kidogo, ukivutwa unafunguka. Mpekueni na baba yake pia."

Vidole vya Bibi vikaachia.

Fundi alisikia hatua za Matroni zikivuka uwanja. Akasikia minong'ono ya watoto. Akamsikia mume wake akiuliza kwa nini, afande, nimeshasema, na mara mifuko yake ikageuzwa nje, maana akasikia funguo za geti zikianguka. Akasikia uzi ukivutwa, au alidhani ameusikia. Mkono wake ulikuwa umelibana kopo la dawa za tumbo hadi plastiki ikalia.

Matroni alirudi kwenye simu. Sauti yake haikuwa ileile.

"Mfuko uko mtupu," alisema. "Na baba yake hana kitu. Alisema kweli."

Mtu anayejua kufurahi angefurahi hapo. Fundi alikuwa ameshafurahi mara moja asubuhi hiyo na hakurudia. Kopo jipya lilichukuliwa juzi. Vidonge vyote vya kweli vilitoka humo, na jana jioni Rula alikaa mezani akishona pindo lake kwa mkono, amempa mgongo mama yake, na mama akamwambia unaendelea vizuri, shika sindano hivi.

"Muulize viko wapi," Fundi alisema. "Alipowaona maaskari alifanya nini? Muulize sasa hivi."

"Nimemuuliza. Anatabasamu tu." Matroni akamwita mtu kwa sauti kubwa alete gari, na akarudi kwenye simu akihema. "Mama Rula, kaa kwenye laini, usikate. Mwanao anasinzia huku amesimama."